Bi Maryam Kombo, Aliyepatanisha Saa za Itigi

Tarehe 30 Juni 2011, Bi Maryam Kombo, Mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Asali ya Mgunga kwa miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa wakati biashara binafsi ndiyo kwanza inafunguliwa milango nchini. Alituma bei zetu kwa teleksi, kisha kwa faksi, na hatimaye akasimamia seva mbili za barua pepe: moja makao makuu Utemini, nyingine tawini Itigi.

Wengi tutamkumbuka kwa utani wake na vitumbua vya Ijumaa. Itigi wanamkumbuka kwa asubuhi moja ya mwaka 2006.

Asubuhi hiyo seva zilikataa kuunganishwa kwa njia ya usimbaji, ile inayozuia barua kusomwa zikiwa njiani. Kwa kuwa bei zetu zilikuwa zimewahi kuvuja, uongozi ulimshuku karani wa tawi, Anselm Gabrieli, kuwa ameichezea mashine, na ulikuwa tayari kumwachisha kazi. Kitengoni tulidhani funguo za usimbaji hazilingani. Ilikuwa dhana ya maana, ila haikuwa sahihi.

Bi Maryam alipiga simu. Anselm akamwamkia, wakaulizana habari za mvua na za watoto, ndipo Bi Maryam akamwuliza mashine inasema saa ngapi.

"Saa tatu, mama, sawasawa na ya mkononi kwangu. Umeme ukikatika inapoteza saa, naiweka mwenyewe."

Kwa mashine, tatu ni usiku wa manane. Cheti kipya cha seva ya Utemini, yaani hati inayoitambulisha kwa seva nyingine, kilikuwa kimeanza kutumika saa mbili asubuhi hiyo. Kwa hesabu ya Itigi, muda wake ulikuwa haujafika.

"Hii haihesabu kuanzia mapambazuko kama sisi, mwanangu. Iongeze saa sita."

"Kumbe imelala, na mimi ndiye nasemwa."

Barua zikapita, Anselm akabaki kazini. Wiki iliyofuata Bi Maryam alikwenda Itigi na betri mpya ya seva, akatundika ukutani saa mbili kubwa: chini ya moja aliandika Watu, chini ya nyingine Mashine.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa ufundi ndio uliomwokoa Anselm. Siku hizi sina hakika. Ufundi ungetosha kuziunganisha seva. Kumwuliza mtu aliyekwisha kushukiwa, na kuliamini jibu lake, nadhani ni jambo jingine.

Hafla ya kumuaga itaanza saa nane mchana. Anselm, sasa meneja wa tawi, ataleta asali, na ameomba iandikwe wazi kwamba ni saa nane ya Watu.

Asante, Bi Maryam. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi za kuamka bila kuitazama saa ya Mashine.