Moto wa Matanga ya Elkana

Benchi la Mahmud pale Masara ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya duka lake. Mwaka ule wa mvua ya El Nino ubao haukukauka hata siku moja, tukawa tunakalia magunia. Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi; Onyango, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki; Mirumbe, Mkuria wa kule mpakani, tuliyemwita Kamishna kwa ajili ya koti lake refu; na Mahmud mwenyewe na birika lake la kahawa. Jana yake tulikuwa tumemzika Elkana. Shimo namba moja lilimfunika akichimba dhahabu. Mimi nilikuwa na uchungu, na nikiwa na uchungu sipendi kelele. Lakini Redio huyo, utamzima na nini?

— Mimi nawaambia alipiga mluzi huko ndani, akasema Redio. Dhahabu haipendi mluzi.

— Wacha upuzi, nikamwambia. Elkana hakuwa na meno ya mbele. Angepiga mluzi na nini?

— Basi ni viatu. Aliingia na viatu mpya.

— Si viatu, akasema Kamishna. Asubuhi ile aligombana na bibi yake. Mtu akitoka kwake na hasira, shimo inajua.

— Waligombana juu ya nini? nikamwuliza.

— Sijui. Lakini lazima waligombana.

Redio hakubali kushindwa. Akasogea mpaka akanibana.

— Omera, ndugu yangu, hiyo ni kidogo. Dhahabu inatembea! Mvua ikizidi inahama, inaenda kulala ziwani kule Sori. Sasa ikipita huko chini inasukuma ukuta. Elkana alikuwa amesimama kwa njia yake tu.

— Kwa hivyo dhahabu ilimkanyaga?

— Kama lori.

Nikacheka, halafu nikajuta, kwa sababu Elkana ndiye angecheka kutushinda sisi wote. Alikuwa anakaa pale pale Kamishna alipokaa.

Mahmud alikuwa anamimina kahawa. Akauliza bila kututazama:

— Na ile miti?

— Miti gani?

— Miti ya kuzuia ukuta. Si mliing'oa shimo namba moja, mkawasha nayo moto wa matanga ya mzee Ogwang'?

Redio akashusha sauti.

— Sasa tungefanya nini? Kuni zote huku zimelowa. Kavu ilikuwa ndani ya shimo tu. Ulitaka jaduong' alale bila moto nje? Mzee mzima? Watu waseme nini?

— Sikatai. Nauliza tu, mlirudisha mingine?

— Tulisema tutakata.

— Mkakata?

— Mvua, Mahmud. Kwani huoni mvua?

— Na siku ile, kabla Elkana hajashuka, nani aliangalia huko chini?

— Kuangalia nini? Kamishna akawaka. Hayo ni ya Mungu. Siku yako ikifika, hata kwa kitanda utafunikwa!

Mahmud akarudi kumimina kahawa. Amekaa nasi miaka mingi, lakini mambo ya matanga yetu huwa hayaingilii sana. Redio akapata nguvu, akairudia dhahabu yake, na safari hii ilikuwa na macho na inachagua mtu.

Hapo ndipo alipofika Bathsheba, mjane wa Elkana, amebeba sufuria kubwa aliyoazima kwa Mahmud ya kupikia waombolezaji. Sote tukasimama. Kamishna akaanza kukagua viatu vyake.

— Kaeni tu, shemeji zangu. Mahmud, nimekurudishia sufuria yako. Mungu akubariki.

— Pole sana, mama. Watoto wako aje?

— Wako tu. Wanauliza baba anarudi lini. Ndugu yangu Kerosi amekataa kurudi Kisii, anasema hawezi kuniacha hivi. Leo ameanza kushuka shimoni.

Akajipangusa uso kwa leso.

— Nilitaka pia niwashukuru nyinyi. Watu walikuja hata kutoka Kendu Bay, wakasema hawajaona moto kama ule na mvua hii. Elkana wangu hakulala kwa giza. Nani alileta kuni?

— Ni mimi na Kamishna, akasema Redio.

— Asanteni sana. Mlizitoa wapi?

Redio, mtu asiyezimika, alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Kamishna akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena. Mimi niliota moto ule mpaka alfajiri, nikausifu, na sikuuliza.

— Kwani nimesema vibaya? Bathsheba akauliza. Ni za wapi?

— Namba mbili, shemeji, Redio akasema. Tulizitoa shimo namba mbili.

Sufuria ikamponyoka.

— Kerosi yuko namba mbili!

Tulikimbia. Hata Mahmud aliacha duka wazi, akakimbia na kanzu yake kwenye matope. Bathsheba alipiga nduru njia nzima, na nduru Masara watu wanajua ni ya nini, kwa hivyo wakatoka kila upande na majembe na machela. Tukafika kwenye mdomo wa shimo, tukaita. Tukaita tena. Bathsheba akalala kifudifudi kwenye matope, akamwita ndugu yake kwa Kikisii, sauti ya kumwita mtoto aje kula.

Kamba ya kushukia ikatikisika.

Kerosi akapanda polepole, tope mpaka kwenye nyusi. Akaona umati. Akaona machela. Akamwona dada yake hana viatu, na Redio amekaa chini analia waziwazi.

— Uwi, Mungu wangu. Nani amekufa?

Sisi wanaume tukaishusha machela.

— Bado, Bathsheba akamwambia.

Akamshika mkono, wakaenda nyumbani.