Mafiga Nampa Zita

Sogeeni wanangu, kaeni chini, na redio hiyo izimwe, maana sauti niliyobakiwa nayo haiwezi kushindana na mtu. Mimi Coleta, mjane wa Eustaki, nasema nikiwa na akili zangu zote, msije mkasema baadaye ni homa iliyosema.

Gabriel mwanangu, nyumba hii ya Katandala ni yako. Justina binti yangu, shamba la ulezi lima wewe, na yule Kashinje ambaye ng'ombe wake waliuingilia ulezi wangu ukiwa umekomaa, mwambie yeye nimemsamehe, ng'ombe wake bado. Sasa sikilizeni neno lenyewe linalonikosesha usingizi, nalo ni jiko.

Mnajua desturi ya nyumba hii: mke wa mwana hana jiko lake mpaka mama mkwe amkabidhi mafiga kwa mkono wake, na hadi siku hiyo anapikia kwenye moto wa mkwe, mbele ya macho ya mkwe. Zita alipoolewa na Gabriel sikumkabidhi. Nilisema angoje, na alipouliza nikasema angoje tena, kwa sababu nilitaka wajukuu wangu wakue wakijua chakula kinatoka mkononi mwa nani. Basi serikali ikafungua biashara ya nje, kila mtu akawa na ruksa ya kuleta atakacho, na wewe Gabriel ukashuka Kasanga ukapandisha chungu cha umeme kilichovuka na boti kutoka Zambia, ukampa mkeo. Chungu hakitaki kuni, hakitaki mafiga! Akakiweka mezani chumbani kwake, na mimi ningesema nini? Desturi haikuvunjwa. Nilizungukwa kweupe.

Wivu nilikuwa nao, na ninao hata sasa nilivyolala hapa. Mimi sichunguliagi watu, lakini mlango wa Zita una ufa. Anachukua makaroni yale manene yenye tundu, makavu hivyo hivyo, wala hayachemshi. Anakaanga nyama ya kusaga na kitunguu, anachanganya na mchicha na maziwa mgando aliyoyaning'iniza kwenye kitambaa mpaka yakachuja maji, anashindilia ndani ya tundu kwa mpini wa kijiko. Anamwaga rojo la nyanya ndani ya chungu, anayalaza, anamwaga jingine juu mpaka yazame, anafunika, anawasha moto mdogo, halafu, wanangu, anajifunga kitenge anakwenda dukani kwake Chanji! Mimi nalia na moshi tangu asubuhi, yeye anauza sabuni, na jioni chakula chake kimeiva. Akiniletea sahani nasema nimeshiba, huku tumbo linanguruma. Wajukuu wanapita mlangoni kwangu mbio, "Shikamoo bibi," hata marahaba yangu hawaingoji. Umeme ulipokatika mchana kutwa nilifurahi, nilifurahi sana, nikasonga ugali mkubwa nikawaita. Wakaja, wakala, na yule mdogo akaniuliza umeme utarudi lini.

Justina, najua unayataka mafiga, nimeona unavyoyatazama. Hupati. Mafiga nampa Zita. Usilie, Zita, si kwa upendo tu. Siku ya matanga yangu watu watajaa uani, na hicho chungu chako hakitawatosha hata majirani wa upande mmoja. Utapiga magoti upulize moto, macho yakuwashe, ujue nilivyokuwa nikiishi. Na mtu akithubutu kusema ugali wako mtamu kuliko wangu, Gabriel, mtoe nje.

Nizikeni karibu na baba yenu. Msigombanie vyombo. Mwiteni padre, ila... ngojeni kwanza, nivute pumzi. Mungu awape mvua ya kutosha, awape watoto wasiougua, awape... nani kafungua mlango wa Zita? Harufu hiyo.

Zita. Lete. Kidogo tu. Ninyi wengine geukieni ukutani, sitaki mtu anione. Ninyanyue kichwa, mama. Hivyo.

Chumvi haikukolea.

Niongezee kijiko kingine.