Jina la Mama wa Kinga cha Moto

Sogeeni karibu, wanangu. Léonard, zima redio. Mama Régine, binti yangu, acha hizo dawa, zimekwisha kufanya kazi yake. Nitasema Kiswahili cha kanisa, kile nilichofundishia katekisimu miaka arobaini, ili kesho mtu asije kusema mzee alikuwa anaweweseka. Akili zangu ninazo zote, na ndizo zinazonitesa.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya Bel-Air ni yenu wawili, asiuze mmoja bila mwenziwe. Shamba la Kasomeno ni la watoto wa marehemu Clément, mdogo wangu. Mmekua mkiambiwa kwamba tulinuniana maisha yote kwa ajili ya shamba hilo. Si kweli. Nilisema hivyo kumchafulia jina, kwa sababu Clément aliniona siku ile, na tangu hapo sikuweza kumtazama usoni.

Sikilizeni siku yenyewe. Mwaka wa themanini na sita nilikuwa katekista porini, upande wa Nyunzu, kwa Batwa. Padri Stanislas alinituma niwakalishe mahali pamoja, karibu na kapela tuliyoijenga kwa miti na udongo, maana alisema watu wa kuhamahama hawafundishiki. Mnajua sisi Baluba tulivyowaona Batwa: asali yao tulikula, lakini kikombe walichonywea hatukukigusa. Hata hivyo walinisikia, na baada ya miaka mitatu nyumba zao ziliizunguka kapela, nami nikajiona Mtume Paulo mzima.

Desturi yao ilikuwa hivi: mtu akifa kambini, wanamzika, wanaacha vibanda, na mama mkubwa wa kambi anatangulia na kinga cha moto kutoka jiko la zamani, waende kuanza upya mbali. Niliwafundisha kwamba huko ni kuogopa mizimu. Basi surua ikaingia. Akafa mtoto wa kwanza, akafuata wa pili, na kesho yake asubuhi nikamkuta mama yao mkubwa mlangoni pa kapela, kinga mkononi, watoto wamepangana nyuma yake. Mimi nilikuwa nimembatiza jina la Angélique. Akaniambia, “Katekista, hii fasi iko na lufu, watoto banakufa. Tuache twende. Mungu yako tutamuomba kule kule.”

Clément, aliyekuja kunisaidia kuezeka, akasema taratibu, “Yaya, mkubwa wangu, baache baende.”

Askofu alikuwa aje Jumapili ya tatu kutoa kipaimara, na nilikwisha kumwandikia kwamba watu thelathini na wanane wako tayari. Sikuwaza wagonjwa, wanangu. Niliwaza aibu ya kumwonyesha askofu vibanda vitupu. Nikamnyang'anya yule mama kinga, nikakichovya ndani ya ndoo ya maji niliyotayarisha kwa ubatizo. Moshi ukatupanda machoni. Nikawaambia anayetoka hapa ametoka mkononi mwa Mungu. Yule mama alikaa chini palepale mlangoni, na wote wakakaa.

Walikufa kumi na tisa, karibu wote watoto, na yule mama akawa wa mwisho. Askofu hakufika, barabara ilikatika. Padri aliporudi nilimwambia walikufa na sakramenti, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, hakuuliza zaidi. Ile medali ya ukutani, mnayoipangusa kila Noeli, nilipewa kwa ajili ya uaminifu porini. Msinizike nayo.

Kila mwaka nimemwombea Angélique misa hapa parokiani. Mwezi uliopita padri kijana akaniuliza, “Papa, huyu Angélique, kwao balikuwa banamuita nani?” Miaka mitatu nilikula asali yake, na jina lake sikuuliza hata siku moja. Naona haya, wanangu, naona haya kuliko ninavyoogopa kufa.

Nipe maji kidogo. Basi.

Kitabu cha ubatizo wao kiko chini ya kitanda hiki, nilikificha, sikukirudisha. Nendeni nacho Nyunzu, na kama treni haitembei, pandeni lori. Mjukuu mmoja wa Angélique alipona, anaitwa Bijou, nasikia anakaa karibu na kituo cha treni. Msimwombe msamaha kwa niaba yangu. Mwambieni nilichofanya, chote, kisha kaeni mbele yake akasirike mpaka amalize. Halafu muulizeni jina la nkambo wake, mliandike kitabuni pembeni ya Angélique. Msalaba wa kaburi langu uacheni mtupu, bila jina langu, mpaka hapo. Akikataa kuwapa, ni haki yake, na msalaba ubaki mtupu.

Léonard, niinulie mkono huu, mimi siwezi tena. Uweke juu ya kichwa cha dada yako... sasa juu ya chako. Mungu awape moyo wa kusikia mtu mapema, kuliko nilivyosikia mimi. Mbarikiwe, ninyi na watoto wenu.

Bado moja. Siku nitakayokatika... mkisha kunizika, msilale nyumba hii. Ondokeni kwanza, hata wiki moja tu. Mama Régine, chukua kaa la moto kutoka jiko la mbabula... wewe utangulie. Na wewe, Léonard... usimzuie.