Kola ya Mzee Anizoba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulaaniwa, kuugua ghafla na kupigwa radi, Mzee Okwudili Anizoba anastaafu kutoka kampuni yetu ya filamu hapa Asaba. Anaondoka akiwa mzima wa afya, jambo litakalowaudhi watazamaji wake wengi.

Alikuja kwetu kama mwandishi tu. Muswada wake wa kwanza ulimhusu mtu anayemwekea ndugu yake sumu kwenye kola, ile kokwa chungu ambayo mwenyeji huwavunjia wageni watafune, ili amnyang'anye mjane shamba. Mwigizaji aliyepangwa kuwa mwovu alisoma jinsi atakavyokufa, akatuma habari kwamba mama yake amemkataza. Mwongozaji akatazama huku na huku, akaziona nyusi za mwandishi. "Wewe, vua miwani. Vaa hii kofia nyekundu." Hajapumzika tangu siku hiyo.

Aliendelea kuandika, na kila mara alijiandikia uovu mwenyewe. Alisema waovu ndio hupewa maneno matamu. Watu wema kazi yao ni kulia. Mimi ndiye niliyempaka damu mdomoni miaka yote hiyo, na nathibitisha kwamba hakuna maiti aliyewahi kutulia kama yeye. Mara mbili alisinzia na kukoroma ndani ya jeneza, basi.

Shida ilikuwa nje ya kamera. Muuza pilipili sokoni alimfukuza mbele za watu: "Kamrudishie mjane shamba lake kwanza, baba, ndipo uje kununua!" Mzee aliahidi kulirudisha. Alikula supu isiyo na pilipili wiki ile.

Kisha wakaja wakwe wa binti yake. Kama mwenye nyumba, aliiombea kola dua, akaivunja, akaipitisha sahani. Hakuna aliyetafuna. Mmoja ana jino bovu, mwingine ametoka kula sasa hivi. Desturi inaruhusu mtu kubeba kipande chake nyumbani, na jamani, Asaba nzima imeitumia ruhusa hiyo kwa Mzee Anizoba. Mifuko ilijaa. Wageni walipoondoka, mkewe alimkuta amekaa barazani akitafuna kipande chake peke yake. Aliponisimulia, iliniuma sana.

Mwaka jana alileta muswada wake wa mwisho. Mzee anavunja kola, watu wanakula, wanazungumza habari za mvua, kwisha.

"Sumu anaitia wapi?" mtayarishaji akauliza.

"Haitii."

"Sasa anakufa nani?"

"Hafi mtu."

Mtayarishaji alimuuliza kwa upole kama amepima presha.

Tulipiga picha hata hivyo, kwa heshima yake. Tuliwakodi wanakijiji wa kweli wakae kama wageni wake. Mwongozaji akapaza sauti, "Kuleni!" Vipande vyote vikaenda mifukoni. Tukarudia. Mifukoni tena. Bibi mmoja alisema yuko tayari kuturudishia ujira wetu, yeye ana wajukuu. Onyesho likakatwa, na filamu ikatoka Mzee akipigwa radi kama kawaida. Hakulalamika. Aliomba maji ya kunawa rangi, akaenda nyumbani mapema.

Sasa sikilizeni, wenzangu. Ijumaa, yeye ndiye mkubwa wetu kwa umri, kwa hiyo yeye ndiye atakayeivunja kola. Wote mnaombwa kuvaa nguo zisizo na mifuko. Mikoba ya akina mama itaachwa mlangoni kwangu. Wenye meno mabovu wayang'oe kabla ya Alhamisi. Mimi nitakaa kiti cha mbele kabisa, sahani itaanzia kwangu, na nitatafuna mpaka wa nyuma wasikie.

Mzee wetu, asante kwa kufa vizuri namna ile kwa ajili yetu. Sasa tunakuombea uishi, tena uishi sana. Lete kola, baba. Tuna njaa.

Obiageli Nwankpa,
Chumba cha Vipodozi