Yudita Nizigama: Alikula Kwanza, Akaongea Baadaye

Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Kezia. Minago, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025.

Wapendwa mliokuja kulia nasi, amahoro, amani iwe kwenu.

Dada yetu Yudita Nizigama alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapahapa Minago, mtoto wa pili wa marehemu mzee Bartolomayo na mama Scovia. Alikuwa na miaka minne wazazi walipokimbia mauaji ya hapa Burundi kwenda Tanzania mwaka 1972, wakiacha nyumba, michikichi na chakula kikiwa jikoni. Wote wawili walizikwa ugenini, Ulyankulu. Baba, kabla hajakata roho, alituachia agizo moja tu: angalau mmoja wa nyumba yake aje alale katika udongo wa Minago.

Yudita alisoma shule ya msingi Ulyankulu na sekondari Tabora, kisha akapata stashahada ya utawala Morogoro mwaka 1992. Tangu utoto alikuwa mdomo wa wenzake. Mwalimu akikosea hesabu, darasa zima lilimsukuma Yudita aseme, naye alianza kwa kumsifia mwalimu shati lake.

Tarehe 10 Julai 1993 alifunga ndoa na mwalimu Yonasi. Shemeji alikuja kuposa na hotuba aliyoikariri vizuri, lakini Dada alimkatiza, akamwambia ale ugali kwanza. Hotuba hiyo hatujaisikia hadi leo. Mungu aliwajalia Heri, na baadaye, tulipokwisha kurudi nyumbani, Schékinah.

Tulirudi Burundi mwaka 2008. Mwaka uliofuata Yudita aliajiriwa na Ushirika wa Mwambao, unaowaunganisha wavuvi na wakulima wa michikichi kuanzia Muhuta hadi Rumonge, na kuanzia 2014 akawa mkuu wa mahusiano na serikali. Kifaransa alikianza akiwa na miaka arobaini, akikosea bila aibu yoyote. Watu walimwita Mama Plaidoyer, yaani Mama Utetezi, maana kazi yake ilikuwa kuyafikisha maneno ya wavuvi kwa wakubwa, na kuyarudisha ya wakubwa kabla hayajachacha njiani. Wakubwa hao hakupenda kuwapokea ofisini. Ujumbe wa serikali ulipotoka Bujumbura kuja kuuhamisha mwalo bila kuwauliza wavuvi, aliwaketisha waheshimiwa juu ya makreti ya samaki, akaagiza mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, na akakataza mtu yeyote kutaja habari ya mwalo mpaka sahani ziishe. Tai zao za shingoni ziliingia mawese siku hiyo. Mwalo haukuhamishwa, ulitengenezwa, na mpaka sasa samaki wanashushwa palepale. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mutu ukishakula kwake, huwezi kumufukuza bila kumuangalia mu macho."

Msemo huo ulimgharimu. Shamba la Baba tulilikuta na Anastasie, mjane mwenye watoto, ambaye mumewe alipewa ardhi hiyo zamani, sisi tukiwa uhamishoni. Wengi wetu tulitegemea kwamba Dada, aliyejua kila mlango wa serikali, angemtoa mara moja. Yeye alikwenda kukaa kwa Anastasie, akala maharage yake, akarudi na mapatano: sehemu ya juu yenye michikichi ibaki kwa Anastasie, na ya chini, kando ya ziwa, iwe yetu. Kaka yetu mkubwa, Protasi, alimwambia mbele ya ukoo mzima, "Umemuuza Baba kwa sahani ya maharage." Hakumsemesha tena. Kisha ziwa likapanda, likaimeza sehemu yetu yote, na wenye midomo wakapata la kusema. Dada alikuwa akipatanisha wavuvi na viongozi mchana, akirudi nyumbani analia kwa ajili ya kaka yake. Nilimwona kwa macho yangu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwezi Mei 2023 madaktari wa Bujumbura walimkuta na saratani ya titi. Alipasuliwa, akapata nafuu, halafu ugonjwa ukarudi na kuingia kwenye mifupa. Akiwa kitandani alijiombea mwenyewe kibali cha utawala wa komine cha kuzikwa Minago, kwa sababu hakutuamini sisi na makaratasi. Kibali kilipatikana, ila udongo hatukuwa nao. Wetu uko chini ya maji. Aliniita akaniambia, "Kezia, uende kwa Anastasie. Usianze na kaburi. Ule kwanza."

Nilikwenda, nikala. Kabla sijanawa mikono, Anastasie alisema, "Najua chenye kimekuleta. Atalala huku juu, mu michikichi. Vijana wangu watachimba."

Nilipomletea Dada jibu hilo alitabasamu, akauliza kama Protasi atakubali kukanyaga pale. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, nyumbani kwake Rumonge, Yonasi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Yonasi; watoto, Heri na Schékinah; mjukuu, Ange; ndugu zake, Protasi na mimi Kezia; pia Anastasie na watoto wake, ambao aliagiza waandikwe hapa kama ndugu.

Yaliyochapwa kwenye karatasi mlizo nazo yanaishia hapo. Haya nimeyaongeza leo asubuhi kwa kalamu. Kabla jeneza halijafika, Anastasie alitandika mkeka uani, akaleta maharage na mihogo. Kaka Protasi alisimama njiani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwita. Halafu akavua viatu, akaketi, akala. Alipomaliza aliomba jembe, akaenda kuwasaidia wale vijana kumalizia kaburi.

Dada, maharage yameliwa. Lala salama katika udongo wa Minago.