Jedwali la Fundi Pauni

Marehemu Fundi Pauni, kama wengi wenu mlivyomzoea, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha maziwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akapata cheti cha kuendesha boila mwaka 1978.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kutunza boila ya kiwanda cha kufulia nguo. Geji ya boila ilisoma presha kwa pauni, mashine mpya zikaja zinasoma kwa baa, naye akaandika jedwali la kugeuzia ukutani kwa chaki: baa moja ni pauni kumi na nne na nusu. Kila Jumatatu alilikolezea chaki upya. Jina lake lilianzia hapo.

Mwaka 1984 alimwoa mpiga pasi wa hapo hapo. Siku daktari alipomwambia mkewe kuwa presha yake imefika mia na themanini, marehemu aliigeuza kichwani. "Mama watoto, usihofu. Hiyo ni pauni tatu na nusu, haiinui hata kifuniko cha sufuria." Mama alimnunia siku mbili, lakini dawa alimeza.

Tarehe 11 Machi 2019 meneja mpya alipaka ukuta rangi, jedwali likafutika, akaifungia boila geji ya baa. Mwisho wa presha ya boila ile ulikuwa pauni mia. Meneja akagawa kwa kumi, akabandika karatasi ya baa kumi, na vali ya usalama, inayotoa mvuke presha ikizidi, akaamuru ikazwe ifuate karatasi.

"Bosi, ni saba, tena haifiki," marehemu alimwambia. "Kumi ni pauni mia na arobaini na tano."

"Mzee, hesabu za chaki zimepitwa na wakati."

Aliendelea kuishikilia boila kwenye saba, akaandikiwa barua ya onyo.

Tarehe 3 Aprili, siku yake ya mapumziko, alipitia kiwandani kuchukua mwavuli aliousahau, akakuta mshale uko kwenye kumi. Aliwatoa nje wanawake kumi na mmoja wa zamu, akarudi kufungua vali kwa mkono. Bomba likapasuka, mvuke ukamuunguza kifua na mikono.

Alilala hospitali miezi mitano. Ripoti ya kiwanda ilimfikia kitandani: chanzo ni uzembe wa mtunza boila. Tulimsomea, akaomba kalamu ajibu. Vidole vilishindwa kuishika. Alifariki tarehe 9 Septemba 2019, saa nne asubuhi, ripoti ikiwa chini ya mto. Inatuuma, na hatutajifanya haituumi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Wale wanawake kumi na mmoja wamo humu, wamekuja kwa miguu yao. Kiwanda kimeleta shada la maua. Sisi tuliomba barua ya kumsafisha jina, haijaja.

Jedwali lake tumelichapa nyuma ya ratiba hii, kila mmoja ajihesabie. Pumzika kwa amani, Fundi. Ilikuwa saba.