Fundi Khalidi na Nguo za Kulalia Angani

Tarehe 31 Desemba 2003, Fundi Khalidi Jaffari anafunika cherehani yake baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi katika Umoja wa Wakulima wa Chai wa Lufingo na Lupepo. Aliajiriwa mwaka 1975 kutia viraka magunia. Anastaafu akiwa Mkuu wa Chumba cha Ushonaji, chumba ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na mtumishi mmoja tu, yaani mkuu mwenyewe.

Fundi ni mzaliwa wa Tukuyu mjini, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi. Nyumbani kwao ni Kiswahili kitupu, lakini Kinyakyusa anakijua vizuri, na anasema alijifunza ili akinamama wa sokoni Kyimo wasimuuzie ndizi kwa bei ya mgeni. Kazi yake kwetu ilikuwa kushona aproni za wachumaji na makoti ya mvua, na kwa mvua za huku kwetu hakuwahi kukaa bila kazi. Miaka ile ya uhaba, kitambaa kilipokuwa hadithi, alishona suruali kwa mifuko ya sukari. Bwana shamba mmoja alizunguka msimu mzima akiwa ameandikwa SUKARI SAFI makalioni, na hakuelewa kwa nini wachumaji walikuwa wachangamfu kila alipowapa mgongo.

Soko huria lilipofika, mitumba ilifika nayo. Ikawa mtu ananunua koti zima Tukuyu kwa bei ya vifungo vyake. Halmashauri ya Umoja ikaanza kujiuliza chumba cha ushonaji kina faida gani, na Fundi akaitwa kujieleza. Hakujieleza vizuri. Ni mtu mwepesi wa hasira, na badala ya kutetea kazi yake aliwaambia wajumbe kwamba nusu yao wamekaa mbele yake wamevaa kafa Ulaya, na marehemu wenyewe wakizitaka nguo zao kikao kitaahirishwa. Uamuzi uliwekwa kiporo.

Hapo ndipo ilipoingia safari ya mwaka 1996, ambayo wengi wameisikia vipande vipande. Mwandishi wa wasifu huu alikuwamo, kwa hiyo afadhali aieleze.

Wakati huo tulikuwa tumeruhusiwa kujitafutia wanunuzi. Msimu uliotangulia tulikuwa tumesaini mkataba wa Kiingereza na mfanyabiashara mmoja bila hata mmoja wetu kuuelewa, na mkataba huo ukampa ruhusa ya kukataa chai yetu siku yoyote akijisikia. Alijisikia mapema. Majani yalikomaa mashambani, na watu wakang'oa michai wapande viazi. Aliyekuja kutusomea tulichokuwa tumekisaini alikuwa Atupele, ofisa masoko wetu mpya. Basi mnunuzi mwingine wa London alipotuita kwa mazungumzo na kutulipia tiketi tatu za daraja la biashara, kila mtu alijua kwamba Atupele asipokwenda, tunakwenda kusaini gizani mara ya pili, na mara ya tatu isingekuwepo. Wasafiri wakawa yeye, Mwenyekiti wetu Mzee Ambindwile, na mwandishi huyu, aliyebeba sampuli za chai.

Tatizo lilikuwa moja. Atupele ameolewa na Ackson, na Ackson ni mtoto wa Mzee Ambindwile. Wenyeji hawahitaji maelezo. Kwa wageni wetu wa leo: kwa Wanyakyusa wa umri wa Mzee, baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawapishani njiani, na mkamwana hatamki jina la mkwewe. Ofisini tulitoboa mlango wa pili kwa ajili hiyo. Vikaoni Atupele alikaa nyuma ya kiambaza cha mbao, akatoa taarifa yake tukasikia sauti tu. Maagizo kutoka chumba hadi chumba yalipita kwa mwandishi huyu. Mpango ulikuwa mzuri, lakini ndege haitobolewi mlango wa pili. Tuliambiwa safari ni ya usiku kucha, viti vya daraja lile vinalazwa mpaka mtu anakaribia kunyooka, na wenye uzoefu hubadilisha nguo wakalala.

Fundi akapewa kazi ya nguo za kulalia. Aliiona kama nafasi yake ya mwisho, na kweli ilikuwa hivyo. Akapata jora la flaneli yenye mistari ya buluu, laini kama manyoya ya kifaranga, akashona pajama tatu za kitambaa kimoja, ili wajumbe wa Umoja waonekane wametoka mahali pamoja. Akazipiga pasi, akazipanga mezani, akamwita Mwenyekiti.

Mzee Ambindwile aliishika ya kwanza, akaitazama ya pili, akauliza ile ndogo ni ya nani. Alipojibiwa, akairudisha ya kwake mezani.

"Fundi," akasema, "hapa umenilaza shuka moja na mkamwana wangu."

Akatoka. Kabla ya mchana alikuwa amesema hasafiri. Atupele alipopata habari alisema, kwa kupitia kwa mwandishi huyu, kwamba Mwenyekiti ndiye mwenye saini, kwa hiyo atakayebaki ni yeye Atupele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akafunga mlango wake, na hakuufungua mpaka jioni. Fundi alikuwa anaijua mila hiyo toka utotoni, ila aliijua upande wa macho na majina. Upande wa kitambaa hakuwahi kuufikiria. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Aliyemwokoa ni mkewe, Bi Hadijah, na Fundi mwenyewe hajawahi kulificha hilo. Bi Hadijah alimuuliza: msibani mkamwana analalaje? Matanga yakiwekwa, ukoo mzima unalala boma moja, wakwe kwa wakamwana, wengine sebuleni na wengine uani, na hakuna anayevunjiwa heshima. Wanalala na nguo zao, nguo pana ambazo mtu akiamshwa ghafla anasimama na kupokea wageni. "Sasa nyie mmewashonea nguo za chumbani," akasema, "wakati wanakwenda kulala na watu."

Fundi akaanza upya. Atupele alishonewa gauni refu la pamba la kijani kibichi, pana kote, mikono mpaka vifundoni, bila mkanda wala kifungo mgongoni cha kumchoma akilala chali, na shingoni ukaunganishwa ushungi wa kuvutwa mpaka kidevuni. Mzee Ambindwile alishonewa kaunda suti. Kwa macho ilikuwa suti ya Mwenyekiti, na mifuko yake minne. Kwa ndani ilikuwa pamba tupu, kiunoni kamba badala ya mkanda, magoti yamelegezwa kwa sababu Fundi aliambiwa kwamba angani miguu huvimba. Kwa kila mmoja soksi nene. Vitambaa vilitoka maduka mawili tofauti, na Fundi alihakikisha Mzee analijua hilo. Pajama zile za buluu hatukuziona tena. Mzee alivaa, akaketi, akajinyoosha juu ya meza ya kukatia, akafumba macho kidogo. Kisha akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaenda kufunga begi.

Ndani ya ndege Mzee alikaa safu ya mbele, mwandishi katikati, Atupele nyuma kabisa, ushungi umeshuka. Choo, kwa bahati mbaya, kilikuwa mbele. Mhudumu aligawa vitambaa vyeusi vya kufunika macho, na Mzee akauliza ni vya nini. Alipoelezwa, alifikiri kidogo, kisha akatoa agizo. Kila Atupele alipotaka kupita, mwandishi alikohoa, na Mzee akashusha kitambaa machoni. Akisharudi kitini, mwandishi alikohoa mara mbili. Mhudumu aliniletea dawa ya kifua, nami nikainywa kwa adabu. Wote wawili walilala vizuri. Aliyekesha ni mkohoaji.

Mzee aliipenda ile kaunda suti kiasi cha kukataa kuivua, na kesho yake akaingia nayo kwenye mazungumzo. Atupele aligeuza kiti chake kikatazama dirisha, akausoma mkataba wote kwa sauti, Kiingereza kwanza, Kiswahili baadaye. Alipofika kifungu cha kumruhusu mnunuzi kukataa chai, akasema hapo asiweke mtu kalamu. Waingereza walibisha mpaka chakula cha mchana. Mzee aliweka mikono mapajani, mbali na kalamu. Kifungu kilipofutwa, ndipo Mwenyekiti wa Umoja alipotia saini mkataba mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuipata, akiwa amevaa nguo za kulalia.

Suala la kufunga chumba cha ushonaji halikuletwa tena kikaoni. Badala yake watu wakaanza kupanga foleni mlangoni kwake: wachungaji waendao makongamanoni, walimu waendao masomoni, na mfanyabiashara mmoja wa Tukuyu aliyetaka kulala kifahari mpaka Dubai. Kabla ya kuchukua kipimo, Fundi humuuliza kila mmoja nani atamwona akiamka. Mfanyabiashara yule alijibu kwamba hilo halimhusu fundi. Akashonewa kanzu mpaka kwenye kisigino, akaambiwa ndiyo salama.

Fundi si malaika. Huchelewesha kazi, hasemi samahani, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kushika mkasi wake wa kukatia anaukumbuka mkong'oto wa maneno uliofuata. Lakini hakuna aliyevaa kazi ya mkono wake akaaibika mbele za watu, ukimwondoa yule bwana shamba.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Katika mkutano mkuu wa mwezi uliopita, Mzee Ambindwile, ambaye sasa hatembei bila kushikwa mkono, aliinuliwa akapendekeza kwamba zawadi ya Fundi iwe safari ya Hija, ambayo mwakani itaangukia Januari. Ukumbi ukasubiri wa kuunga mkono. Atupele, ambaye leo ni Meneja Mkuu, alisimama upande wa pili, akaugeukia ukuta, akasema anaunga mkono hoja ya mwenye hoja. Walikubaliana mbele ya wakulima wote bila kutazamana, na mkutano ukapiga makofi mpaka Mzee akaketishwa.

Fundi alikuwa mlangoni. Wengi walitegemea mzaha, lakini hakuutoa. Alikaa chini na kulia. Baadaye alieleza kwamba mwanamume akienda kuhiji huvaa shuka mbili nyeupe zisizopitiwa na sindano, hazina mshono, hazina hata pindo, naye tangu utoto hajavaa nguo asiyoishona.

Umoja unakushukuru, Fundi, kwa yote uliyotuvika. Safari hii tumekununulia shuka mbili sokoni Tukuyu, na hatujaziruhusu zipite karibu na cherehani yako. Zivae, ulale salama angani, na Mungu akuamshe ulikokusudia.

Prosper Lukasi,
Ofisi ya Usafirishaji